Nani Kabaki na Wodi?

Wapo wauguzi wanaojisifu kwamba wamemaliza zamu nzima bila kukaa wala kutia kitu kinywani. Zamani nilikuwa naitikia sifa hiyo kwa heshima. Sasa nimestaafu, magoti hayanipi usingizi msimu wa baridi ya Juni, na nikimsikia binti akijisifu hivyo nauliza jambo moja tu: zamuni mlikuwa wangapi? Mara nyingi hunijibu kuwa walikuwa wawili, na mmoja wao ni mhudumu wa afya. Hapo hamu ya kumsifu inaniisha. Kumbe kuna nafasi ya mtu ambayo haikujazwa, na binti huyu ndiye aliyetumiwa kuziba pengo, tena amerudi nyumbani akiwa na furaha.

Niliajiriwa mjini Mbeya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 1993 Serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, ilisitisha ajira mpya, na mwaka huohuo uchangiaji wa gharama za matibabu ukaanza hospitalini. Sisi wadogo hatukuwa tukizijua habari za wakopeshaji hao wa Washington. Tulichokiona ni kwamba akistaafu mtu, haji mwingine. Jina lake linakatwa kwa kalamu nyekundu kwenye ratiba, zamu zake zinagawiwa waliobaki, na baada ya miezi miwili mitatu hakuna anayekumbuka kwamba wodi ile iliwahi kuwa na watu wanne asubuhi.

Kisha UKIMWI ukashika nyanda zetu. Vijana wa leo wanaoona watu wakichukua dawa kwenye kliniki ya CTC na kurudi mashambani kwao hawawezi kupata picha ya wodi za magonjwa ya ndani za miaka ile, wagonjwa wawili kitanda kimoja, wengine chini kwenye mikeka. Na tulikuwa tukiwauguza wenzetu pia. Mwezi huu mmepangwa pamoja usiku, mwezi ujao yeye ndiye aliyelala kitanda cha dirishani na wewe ndiye unayemgeuza. Nani angeuliza habari za mapumziko ya chakula? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 hadi 2008 ulipotoka, mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado haujamegwa Njombe, ulikuwa wa kwanza nchini kwa asilimia 15.7 ya watu wazima wenye virusi. Hakuna muuguzi aliyeshangaa.

Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 tulishukuru Mungu, na nashukuru mpaka leo. Ila kuna jambo halisemwi sana. Kliniki mpya ilihitaji wauguzi, na wauguzi hao walitolewa wodini. Ikaja huduma ya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto, wakatolewa wodini. Mwaka 2007 ukaja mpango mkubwa wa afya ya msingi, MMAM, wa kujenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walifyatua matofali kwa mikono yao, majengo yakasimama, nayo yakahitaji mtu wa kufungua mlango asubuhi. Aprili 2017 ilipokabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wa umma wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi, na sekta ya afya ilikuwa na watu wake humo. Sitetei cheti cha kughushi. Nasema tu kwamba Jumatatu iliyofuata wagonjwa hawakuwa wamepungua.

Watu wa ofisini huniambia, "Lakini mama, kweli mnakosa hata nusu saa?" Huwa nawakaribisha wodi ya uchungu, tuhesabu pamoja. Mama akishaingia kwenye uchungu kamili, partografu inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa, mikazo ya tumbo ihesabiwe kila nusu saa, mapigo ya mama vilevile, na kila baada ya saa nne apimwe njia imefunguka kiasi gani. Kinamama wakiwa 6, ni mara 12 kwa saa unainama na fetoskopu tumboni. Kila mara unasikiliza dakika nzima huku umekodolea macho saa yako, na mkono mwingine umeshika kifundo cha mkono wa mama ili usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto. Tulifundishwa 120 hadi 160. Saa ya kwanza ya zamu sikio linapokea vizuri. Saa ya tisa, ukibana sikio kwenye ule mdomo wa fetoskopu, unaanza kusikia damu yako mwenyewe ikigonga, na inabidi usimame, upumue, uiname tena uanze upya. Dakika moja imekuwa tatu. Kitanda cha pili anaita, "Sista, nakufa." Na hujaandika bado. Na kuna wa kusukumwa kwenda upasuaji, atakayemsukuma ni wewe.

Katika hesabu hiyo nusu saa ya chai unaiweka wapi?

Mwili nao hujifunza ujanja wake. Wauguzi wengi niliofanya nao kazi walikuwa hawanywi maji tangu asubuhi, kwa makusudi, ili wasihitaji kwenda chooni. Ukiwa peke yako na kinamama sita, choo ni safari. Matokeo yake yalijulikana: kichwa kinauma kufikia saa nane mchana, mkojo unachoma, na kila baada ya miezi kadhaa unajiandikisha mgonjwa kwenye hospitali yako mwenyewe. Chai tulikuwa tukiileta kwenye chupa, na viazi vya kuchemsha au andazi kwenye mfuko, lakini andazi hilo unalimega wima, nyuma ya pazia la chumba cha dawa, ukitafuna upesi maana mgonjwa akimwona nesi anatafuna atasema manesi kazi yao kula tu. Hilo nalo liliniudhi kuliko njaa yenyewe. Fundi ujenzi akikaa chini ya mwembe na ugali wake saa saba, hakuna anayemnung'unikia.

Nilihamishiwa hospitali moja ya wilaya mkoani Iringa, na hapo nikakutana na inchaji wa wodi aliyenifundisha nililokuwa sijalipata chuoni wala kwenye semina. Alikuwa mama wa Kihehe, mfupi, sauti ya chini, mtu wa Kalenga. Wiki ya kwanza alinikuta nimekaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha zamu, kikombe mkononi, mlango wazi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Napumzika kidogo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wagonjwa wako umemwachia nani?"

"Nawasikia, mama. Mlango uko wazi."

"Sijauliza kama unawasikia. Nani kabaki na wodi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu wodi nilikuwa nayo mimi, pamoja na kikombe. Akaniambia basi niache kujidanganya kwamba napumzika. Ama nirudi kwa wagonjwa ama nimkabidhi mtu nitoke nje.

Ratiba yake ya zamu ilikuwa na safu moja ambayo sikuwahi kuiona Mbeya. Mbele ya kila jina kuliandikwa saa ya chakula, na mbele ya saa hiyo jina la pili, la anayepokea. Kabla ya kutoka unapita naye kitanda kwa kitanda: huyu dripu yake inaisha saa saba, huyu apimwe presha saa saba na nusu, huyu usimwache akashuka kitandani peke yake. Dakika tatu, nne. Anayepokea anatia saini kwenye kitabu cha ripoti. Anayekwenda anatoka kabisa kwenye jengo, maana kwa msimamo wa mama yule ukiwa unaonekana uko kazini. Akiona mtu amebaki chumba cha zamu na sahani yake, anamtoa kama kuku.

Haikupendwa. Wakongwe walisema ni kuwafundisha vijana uvivu. Daktari mmoja alilalamika kwamba akija anamkuta nesi ambaye si wa wagonjwa wake. Ndugu wa wagonjwa ndio walioelewa upesi zaidi, sijui kwa nini. Walikuwa wakiuliza, "Nesi wa mama yangu yuko wapi?" na mpokeaji anajibu, "Amekwenda kula. Mimi ndiye nesi wa mama yako mpaka saa saba na nusu." Basi. Wanatulia. Nadhani kinachomtia hofu ndugu wa mgonjwa si nesi kula, ni kutojua amfuate nani.

Na kulikuwa na faida ambayo sidhani kama hata mama yule aliipanga. Siku moja nilipokea wagonjwa wa mwenzangu mchana, mmoja wao mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua alfajiri. Mwenzangu alikuwa amempitia mara nyingi; alikuwa muuguzi mzuri. Lakini jicho lililokwisha kuona kitu tangu asubuhi hukizoea. Mimi, mgeni wa dakika tatu, niliona kwamba mfuko wa mkojo ulikuwa na kiasi kilekile kilichoandikwa asubuhi. Tukafunua shuka pamoja. Mpira wa katheta ulikuwa umekunjika chini ya paja. Tukaunyoosha, mkojo ukashuka, mama akaguna kwa nafuu na kutuambia alikuwa akidhani mshono wa tumbo ndio unaouma hivyo. Mwenzangu akaenda kula. Ni jambo dogo, sawa. Lakini wodi nzima imejengwa na mambo madogo ya namna hiyo.

Florence Nightingale, ambaye kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa kwa ajili yake, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uuguzi aliweka sura nzima kuhusu jambo hilihili: namna ya kuhakikisha kwamba kinachofanyika ukiwapo kinafanyika pia ukiwa haupo. Tumemchukua yule mwanamke wa taa anayezunguka usiku kucha kati ya vitanda, tukamwacha yule wa mpangilio. Wa taa anapendeza zaidi kwenye hotuba.

Niliposoma sheria baadaye, baada ya mtu wa chama chetu cha wafanyakazi, TUGHE, kutugawia vijitabu, nilikuta kwamba haikutusahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa siku, hata ukijumlisha saa za ziada, zisizidi 12. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena uwe na saa 12 za kupumzika. Aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Nilifurahi, nikaendelea kusoma, nikafika kwenye mlango ambao sisi wote tumetolewa nao: mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi afanye kazi wakati wa mapumziko ikiwa kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu, au haiwezi kufanywa na mwingine. Kazi gani ya muuguzi inaweza kuachwa bila mtu? Na wa kuifanya badala yake ni nani kama ikama haijajaa? Kwa hiyo kilichowekwa kuwa nadra, kwetu ndicho desturi. Kifungu hichohicho kinasema pia kwamba mapumziko ambayo unatakiwa kuwa tayari kuitwa yanalipwa. Kwa kipimo hicho, kile kikombe changu cha mlangoni kilikuwa saa ya kazi, na yule mama wa Kalenga, ambaye sidhani kama alikuwa amekisoma kijitabu kile, alikuwa ameielewa sheria kuliko wengi.

Nieleweke vizuri. Dharura haina saa, na sheria yenyewe inalitambua hilo. Machi 2015, ile ajali ya basi na lori la kontena pale Changarawe, Mafinga, ilipoua watu zaidi ya 40, hakuna muuguzi katika mkoa ule aliyeuliza zamu yake inaisha lini, na angeuliza ningemshangaa. Watu walitoka majumbani bila kuitwa. Lakini Jumanne ya kawaida, wodi imejaa kama ilivyojaa Jumanne iliyopita, hiyo si dharura. Ilijulikana tangu ratiba ilipobandikwa ukutani.

Ajabu yake ni kwamba barabara inayopita mbele ya hospitali zetu imeshalielewa jambo hili. Basi la safari inayozidi saa nane linatakiwa kuwa na madereva wawili, na safari za mabasi usiku zilipigwa marufuku kwa takriban miongo mitatu, hadi zilipofunguliwa tena Oktoba 2023. Trafiki akilisimamisha basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam anaweza kumuuliza dereva mwenzake yuko wapi. Muuguzi anayekesha na wagonjwa arobaini katika wodi iliyo hatua chache kutoka barabara hiyohiyo hajawahi kusimamishwa na mtu akaulizwa mwenzake yuko wapi.

Binti wa mdogo wangu anasomea shahada ya uuguzi, na siku moja sebuleni kwangu Iringa alinisomea tafiti mbili za Marekani. Moja, ya Linda Aiken na wenzake ya mwaka 2002, ilionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Ya pili, ya Ann Rogers na wenzake ya mwaka 2004, ilikuta kwamba wauguzi waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi mfululizo walikuwa na hatari ya kukosea mara tatu ya wengine. Nikamuuliza muuguzi wa kule wodi ya upasuaji anapewa wagonjwa wangapi. Akasema wanne, mpaka wanane. Tukacheka sote wawili, kicheko ambacho hakikuwa na raha. Zamu yetu ya usiku ilikuwa inaanza saa mbili na kuisha saa mbili asubuhi kwenye karatasi. Ongeza kukabidhiana, ongeza mwenzako aliyechelewa daladala, umeshapita saa 12 na nusu kabla hujavua koti.

Usingizi wa usiku nao una unafiki wake. Kanuni inasema usilale zamuni, na mkaguzi akikukuta umeinamia meza utaandika barua ya kujieleza. Hivyo watu wanalala kwa wizi, kiti kimeegemea ukuta, sweta begani, sikio moja wazi, usingizi ambao haumpumzishi mtu wala haumlindi mgonjwa. Japani, hospitali nyingi zenye zamu ndefu za usiku huweka saa ya kulala kwenye ratiba yenyewe. Yule inchaji wetu alifanya hivyo kimyakimya, saa moja na nusu kila mmoja, kwa kukabidhiana kulekule kwa saini. Aliposikia ofisi imeuliza, alijibu kwamba anapenda muuguzi anayejulikana amelala kuliko anayedhaniwa yuko macho. Ofisi haikuandika kitu, haikukubali wala haikukataa.

Lugha iliyotukosesha haki hii kuliko zote ni ile ya wito. Kila Siku ya Wauguzi mgeni rasmi husimama na kutuambia kazi yetu ni wito, malipo yetu yako mbinguni. Tunapiga makofi, naamini wengi kwa moyo wa kweli, maana bila mapenzi kazi hii hufiki mwaka wa pili. Lakini nimeona jinsi neno hilo linavyofanya kazi wodini. Binti akisema amechoka anaulizwa kama kweli alipenda uuguzi au alikosa nafasi ya kozi nyingine. Swali hilo linamfunga mdomo mara moja, na ratiba inabaki ilivyo. Kenya mwaka 2017 wauguzi walikaa nje ya kazi miezi mitano, na waliokufa kwa kukosa huduma hawajulikani idadi yao. Siiombei nchi yangu njia hiyo. Ila najua watu hawafiki huko siku moja. Wanafika baada ya kuulizwa swali la wito mara nyingi mno.

Nimeeleza mambo ya hospitali, na huko angalau kuna zamu. Zahanati za ndani Kilolo, au kule Makete ambako asubuhi unakuta maji ya ndoo yameganda juu, hakuna zamu. Kuna mtu mmoja, pengine wawili, na nyumba ya mtumishi hatua thelathini kutoka zahanati. Niliwahi kushikilia nafasi ya mwenzangu aliyekuwa likizo ya uzazi katika kijiji kimoja cha huko. Mchana kliniki ya watoto, chanjo, wajawazito, dawa za wenye presha. Usiku mlango unagongwa, "Kamwene, sista, tumeleta mgonjwa," nawe unatoka na nguo ulizolala nazo kwa sababu ulikwisha kujua. Ile safu ya mama wa Kalenga ningemwandika nani? Kwa zahanati kama hizo hakuna inchaji hodari wala ratiba nzuri itakayosaidia. Ni halmashauri kuajiri, na aliyeajiriwa kupewa sababu ya kubaki, nyumba isiyovuja na barabara inayopitika masika. Wengi wanaripoti, wanakaa mpaka wathibitishwe kazini, kisha inakuja barua ya uhamisho wa kumfuata mume.

Mwaka jana nilipita kwenye ile wodi ya wilaya kumsalimia jirani yangu aliyelazwa. Mama wa Kalenga alishastaafu zamani. Ratiba sasa imechapwa kwa kompyuta, na ile safu bado ipo. Nilimuuliza kijana aliyekuwa zamu, kaka mmoja mrefu mwenye adabu, kama wanaifuata. Akasema siku wanazokuwa watatu inafuatwa vizuri, hata daktari ameizoea. Siku za watu wawili wanaandika tu ili safu isibaki tupu. Nikamuuliza siku zipi ni nyingi. Akafunua kurasa za mwezi ule, akaniachia niangalie mwenyewe, maana kitanda cha nne walikuwa wanamwita.